Skrubu Nne au Sita

4 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Daftari nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, yule mwalimu. Kasema, "Mjomba, hizo hadithi zako ziandike, masikio yetu yapumzike." Nimemwambia nitaandika mpaka wino wa mji mzima uishe. Shule niliachia darasa la sita, si kwa uzito wa kichwa, ila walimu walikuwa wamekwisha nifundisha yote waliyoyajua.

Mimi ni fundi vioo. Mji huu hauna dirisha kubwa ambalo sikulibeba. Niliwahi kupandisha kioo cha futi kumi na mbili hadi ghorofa ya nane, kwa ngazi. Lifti ilikuwepo, nzima kabisa, ila ilituona ikaona haya. Nikisimulia hivyo karakana yote hupiga kelele, "Gawanya kwa mbili!" Haya, gawanyeni. Ghorofa nne nazo ni mchezo?

Ninayebeba naye ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Tunamwita Kimya, na ukikaa naye dakika tano utajua kwa nini. Kioo kikubwa kinabebwa na watu wawili na sauti moja, na sauti hiyo ni yangu. "Juu. Kushoto yako. Polepole. Shusha." Lipo na neno lingine, "Achia." Maana yake wote waruke nyuma, kioo kife peke yake. Hilo sijawahi kulisema tangu nianze kazi, na ninajivunia.

Sasa mgongo umeniletea kesi. Daktari wa mgongo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, anasema pingili yangu ya nne ya kiunoni imelegea. Nikisimama inateleza mbele juu ya ile ya tano, nikilala inarudi. Ikiteleza inabana mishipa, ndiyo maana mguu wa kushoto unakufa ganzi na ndara inanivuka njiani bila habari yangu. Dawa nimekunywa, mazoezi nimefanya, mkanda nimevaa, hali ni ileile. Atazifunga kwa skrubu na vyuma, apandikize mfupa katikati, pingili zishikane ziwe kitu kimoja.

Linalobaki ni afunge mpaka wapi.

6 Machi

Leo picha za eksirei. Mpiga picha akasema, "Mzee, simama ubavu. Sasa inama mbele uwezavyo." Nikashuka. Nilishuka vizuri mpaka kijana wa watu akashangaa: "Wewe una mgongo mbovu kweli?" Nikamwambia, mwanangu, hiki ni chuma, kimepata kutu tu.

Daktari akauliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Nikasema mawili. Mke wangu alikuwa pembeni, akanitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Yeye ni fundi cherehani.

7 Machi

Mvua.

12 Machi

Majibu. Daktari aliweka picha kwenye taa, akanyoosha kalamu.

"Kiungo hiki hapa, cha pingili ya nne na ya tano, hakina mjadala. Kinatembea. Hiki cha chini yake, cha tano na mfupa wa makalio, ndicho kinanitatiza. Picha ya emarai inaonyesha kimechakaa. Lakini kuchakaa peke yake si sababu ya kukifunga, wengi wamechakaa na wanalala usingizi. Nakifunga kama kinayumba. Na kwenye picha yako ya kuinama, hakijayumba."

"Sasa?"

"Sasa nafunga kimoja. Skrubu nne. Unabaki na sehemu kubwa ya kuinama kwako, operesheni ni fupi, mfupa unashika upesi. Nikifunga viwili ni skrubu sita, saa nyingi zaidi, damu zaidi, kiuno kigumu zaidi, na uwezekano wa mfupa kukataa kushika unaongezeka. Sipendi kufunga nisichohitaji."

"Na kioo, daktari? Nitabeba?"

Akafikiri. "Kwa kimoja, baada ya mwaka tutakaa tuzungumze. Siahidi. Kwa viwili, kioo kikubwa kisahau."

Mke wangu akauliza, "Na kama hicho cha chini kinayumba, ila hakikuonekana?"

"Hilo ndilo baya kuliko yote. Cha juu kikishakuwa kigumu, mzigo wote unashukia hicho. Kitaharibika, na itabidi nimfungue tena, mahali palipokwisha jaa makovu. Ndiyo maana tulimpiga picha akiwa ameinama."

Operesheni ni tarehe nane Mei. Nimerudi nyumbani naimba. Skrubu nne! Nimewatangazia majirani kwamba daktari amesema mifupa kama yangu hajawahi kuiona tangu azaliwe. Mke wangu ameniambia nishushe sauti, mtoto wa jirani amelala.

15 Machi

Mvua. Karakana naruhusiwa kukaa na kukata, kubeba hapana. Kukata ni kazi ya wenye mikono laini, lakini nimewaonyesha.

19 Machi

Ndara imenivuka mara mbili kutoka hapa mpaka dukani. Nimesema imelegea. Mke wangu akaipima, akasema, "Ndara haijalegea."

27 Machi

Leo kuna jambo, na ningekuwa na akili nisingeliandika.

Karakana tulikuwa na kioo cha kabati cha kujitazamia, kimeegemea ukuta kikimsubiri mteja. Kalamu yangu ikaanguka. Nikainama kuiokota, nikageuza kichwa, nikajiona ubavu kwa ubavu.

Mgongo haukukunjika. Magoti yamekunjika, nyonga zimekunjika, kichwa kimeshuka mpaka karibu na sakafu, lakini kiuno kimenyooka kama ubao wa meza. Nikarudia. Vilevile. Nikajaribu kwa makusudi kukipinda kiuno, mwili ukakataa, na ulipokubali kidogo nilishika meza nikaona nyota mchana.

Ndivyo nilivyofundishwa. Fundi aliyenilea kazini alikuwa akinichomeka rula ya mita ndani ya shati, kutoka shingoni mpaka mkandani, na ole wangu isikike ikilia. Mbeba vioo hakunji mgongo. Ukiukunja kioo kinayumba, kikiyumba kinapasuka, kikipasuka hakichagui shingo. Nimeshuka hivyo maisha yangu yote. Nashuka hivyo nikifunga viatu. Nashuka hivyo nikimbusu mjukuu.

Na ndivyo nilivyoshuka siku ya picha. Eksirei inachukua kiuno tu, magoti hayamo. Kijana yuko nyuma ya ukuta wake anaona mzee ameshuka, anafurahi, anabonyeza.

Kwa hiyo kile kiungo cha chini hakikuyumba kwa sababu sikukipa nafasi ya kuyumba.

28 Machi

Labda hakiyumbi kweli. Nani ajuaye?

30 Machi

Mvua. Sijasema.

3 Aprili

Mvua usiku kucha. Mke wangu anauliza kwa nini siimbi tena. Nimesema koo.

Nimepiga hesabu zangu. Nikimwambia daktari, atapiga picha nyingine. Akipiga nyingine, huenda ikawa sita. Ikiwa sita, mimi si mbeba vioo tena. Ni nani basi? Mzee wa kukata vipande vya fremu za picha, anayeambiwa "shikamoo, sogea kidogo tupite." Skrubu nne nimepewa na daktari mwenyewe, mwenye vyeti ukutani. Mimi wa darasa la sita nimsahihishe?

8 Aprili

Sijasema.

11 Aprili

Kimya amekuja kula. Alipomaliza akanawa, akasema, "Shem, yule niliyepewa nibebe naye hana sauti. Tunagongana." Kwa Kimya hiyo ni hotuba. Nilifurahi vibaya sana. Nikamwambia asubiri, mwaka mmoja tu, nitarudi nipige kelele mpaka madirisha yajifungue yenyewe. Akacheka. Nikashindwa kumtazama usoni.

16 Aprili

Naandika kwa taabu lakini lazima niandike.

Upepo wa asubuhi ulivunja kioo cha mbele cha duka la dawa, mtaa wa nyuma. Mvua inaingia, mwenye duka anafunika maboksi ya dawa kwa khanga za mkewe, analia kama amefiwa. Yule anayebeba na Kimya hakufika, barabara ya kwao imejaa maji. Tajiri wa karakana akanitazama, akatazama pembeni. Hakuniomba. Hilo nalisema wazi, hakuniomba.

Nikasimama. "Kimya, tunakwenda."

"Shem, usije."

"Hatua kumi na tano tu kutoka kwenye gari! Mimi nilipandisha kioo ghorofa..."

"Nne," akasema. "Usije."

Nikaenda.

Tulikishusha kwenye gari vizuri. Mimi mbele, yeye nyuma, vishikio vya mpira vimenyonya sawasawa, mvua inateremka juu ya kioo kama mto. "Juu. Polepole. Kushoto yako." Sauti yangu ilikuwa nzuri, watu walisimama barazani kututazama. Tukafika kwenye kidaraja cha duka, ngazi moja tu, fupi kuliko kiganja. Nikautuma mguu wa kushoto. Haukwenda. Nasema kweli, niliutuma kama unavyomtuma mtu dukani na hakutoka. Nikahisi ndani ya kiuno kitu kimesogea, kama droo inayofunguka yenyewe, kisha moto mpaka unyayoni, kisha hakuna mguu.

Wakati ule neno ni moja. Nililijua. Lilikuwa kwenye ulimi. Na mbele ya watu wote wale, sikulisema. Nilidhani nitakishika.

Kimya angeweza kuruka nyuma. Sikumpa amri, lakini macho anayo. Badala yake alikivuta kioo kwake, kwa nguvu zote, kwa sababu upande wangu kilikuwa kinaiendea shingo yangu. Kikamvunjikia yeye. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo.

Damu na maji ya mvua vikichanganyika vinakuwa vingi sana.

Hospitali walimshona muda mrefu. Daktari wa pale kasema kano zimenusurika, sijui kwa rehema gani, vidole vyote vinakunjika. Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini, sina ndara moja. Mke wangu akaja amelowa. Akaingia kumwona ndugu yake kwanza. Halafu akatoka, akakaa.

Nikamwambia. Kuhusu kioo cha kabati, kuhusu rula, kuhusu picha ya kuinama ambayo haikuwa ya kuinama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na tarehe nane ungelala pale wakupasue hivyohivyo?"

Nikautazama mguu wangu usio na ndara.

"Wakufunge pungufu, halafu baada ya mwaka ukabebe kioo na ndugu yangu tena?"

Sikuwa na hadithi yoyote, mimi. Kisha akatoa mfukoni ndara yangu, aliiokota sijui wapi, akainama akanivisha kwenye ule mguu usiosikia. Akasema, "Kesho tunakwenda kwa daktari. Mimi ndiye nitakayesema."

17 Aprili

Alisema yeye.

"Daktari, huyu mtu ana kasoro. Ukimwuliza habari za kazi, gawanya kwa mbili. Ukimwuliza maumivu, zidisha kwa nne. Alipokwambia mawili, usiku ule alikuwa ameng'ata mto. Na ile picha ya kuinama hakuinama. Onyesha."

Nikaonyesha. Daktari akanizunguka huku nimeshuka, akaweka kiganja kiunoni, kikabaki pale palepale. Nikadhani atanigombeza. Akarudisha zile picha kwenye taa, ya kusimama na ya kuinama, akazipima kwa rula, akapumua.

"Nilipaswa kuliona hili. Mkunjo wa kiuno ni uleule kwenye picha zote mbili. Niliona hakuna mwendo nikasema ni kiungo imara. Kumbe ni misuli imekishika." Akanitazama. "Nani alikufundisha kushuka hivi?"

"Rula," nikasema.

20 Aprili

Picha upya. Safari hii wamenikalisha kwenye kigoda kifupi ili magoti yasipate ujanja. "Kumbatia miguu, mzee. Acha mgongo uende. Uache kabisa." Yule kijana wa mara ya kwanza alinishika mabega, mwenzake akabonyeza.

Kuuacha mgongo ni kazi ngumu kuliko kubeba. Nilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mke wangu aliisikia kupitia mlango wa chumba cha picha, wa madini ya risasi, na mlango ule ni mnene.

24 Aprili

Kiungo cha chini kinayumba. Siyo kidogo. Nikikunjika kinafunguka nyuma kama bawaba iliyong'oka misumari.

Daktari hakuamua kwa niaba yangu, na hapo ndipo nilipomheshimu. Aliweka yote mezani. Kimoja: kiuno chepesi, lakini kiungo kibovu kinabaki kimebeba kila kitu, na yeye anaona atanifungua tena kabla ya miaka mingi. Viwili: skrubu sita, siku nyingi za kitandani, mfupa unaweza kugoma kushika hasa nikivuta sigara, kuinama nitajifunza upya.

"Cha juu yake, cha tatu na cha nne?" mke wangu akauliza. Fundi nguo huyo, hawezi kuacha pindo halijapimwa.

"Hicho nimekiangalia kwenye picha mpya. Kimetulia. Hicho nakiacha, na namwomba akitunze, maana kitafanya kazi ya wenzake."

"Ungekuwa mgongo wako, daktari?" nikauliza.

"Viwili. Lakini si wangu. Mwenye kioo ni wewe."

Nikaomba siku moja.

25 Aprili

Nimekwenda kwa Kimya. Mkono uko kwenye bandeji, anakula kwa kijiko, mkono wa kushoto, anajimwagia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nilipofika yote yakaniacha.

Nikamwambia, "Shem. Achia."

Aliweka kijiko chini. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nimeachia," akasema.

Nikampigia daktari simu nikiwa palepale mlangoni. Viwili.

29 Aprili

Sigara nimeacha. Nilikuwa navuta pakiti tatu kwa siku. Haya, moja na nusu.

7 Mei

Kesho. Nimelazwa karibu na dirisha. Kioo chake kimewekwa na mtu asiyejua kazi, gundi ya silikoni imejaa mpaka kwenye fremu. Muuguzi kaniuliza maumivu mangapi kati ya kumi. Mke wangu akafungua mdomo.

"Nane," nikasema.

Akaufunga.

Mvua imepungua. Naogopa. Nimeiandika ili mpwa wangu akisoma asije akaigawanya.

11 Mei

Niko hai. Mguu wa kushoto unasikia shuka.

20 Mei

Kutembea mpaka mlangoni. Mpaka mlangoni ni safari.

2 Juni

Mawingu matupu.

19 Juni

Leo mke wangu kanisindikiza karakana, na mkanda wangu mgumu kiunoni, natembea kama mkuu wa majeshi. Jua kali, vioo vyote vinang'aa. Wamenipa kiti kirefu karibu na mlango. Kimya na yule mwenzake mpya walikuwa wanatoa kioo cha mgahawa. Mkono wa Kimya una kovu refu linalometameta. Walikuwa wanagongana kweli, hakudanganya.

Sikuweza kuvumilia. "Juu," nikasema kutoka kwenye kiti. Wakainua. "Kushoto yako. Wewe mpya, kushoto *yako*, si yangu! Polepole. Na ukisikia 'achia', ruka usiniulize sababu. Shusha." Kikakaa kwenye gari bila hata kulia.

Walipomaliza wakanizunguka. "Haya mzee, wamekuwekea nini humo?"

"Skrubu sita," nikasema. "Ndefu hivi."

Karakana yote, kwa pamoja, na tajiri akiwemo: "Gawanya kwa mbili!"

Wakacheka mpaka wakashika meza. "Basi tatu! Tatu na kipande cha waya!"

Zamani ningepandisha kumi na mbili hapohapo, na moja ya dhahabu. Nilifungua mdomo. Sauti ya mke wangu ikatangulia, kutoka mlangoni, haikuwa kubwa.

"Ni sita. Nimeziona kwenye picha, nimezihesabu mimi."

Kicheko kikakatika. Mmoja mmoja wakaanza kuutazama mgongo wangu, kama watu wanaotazama dirisha la ghorofa ya nane.